Wali Haujapakuliwa

Taata,

Sikuulizii hali, baba yangu, maana hali yako naijua. Yangu ndiyo usiyoijua, nayo ni mbaya: nimekukasirikia. Nimekukasirikia tangu Ijumaa ile uliyozikwa, kesho ni arobaini yako, na hasira haijapungua hata kijiko kimoja. Wanawake wa mtaani wananiambia marehemu hasemwi vibaya. Sawa, sikusemi. Nakuandikia wewe mwenyewe, ana kwa ana, ingawa uso wako sikuuona.

Niko kwenye banda lako la video, hapa mtaani Bakoba. Ni mchana na mlango nimeufunga. Nimekalia kile kiti chako cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Maiki yako iko mezani, bado ina ile tepu nyeusi ya umeme, na nikiisogeza karibu bado inanuka tangawizi uliyokuwa unatafuna kulinda koo. Paa mdogo wangu Twaha amelirekebisha. Halivuji tena pale juu ya benchi la tatu, kwa hiyo watu wa benchi la tatu hawana tena sababu ya kudai waingie bure. Tangu uondoke banda linaonyesha mpira tu. Mpira hauhitaji mkalimani. Filamu zimelala kwenye boksi lake, na wale wateja wako wa zamani wakipita wanachungulia, wanaona kiti kitupu, wanaendelea na shughuli zao.

Kuna filamu moja ninayotaka tuzungumze, na unajua ni ipi. Ile ya msafiri aliyekwama uwanja wa ndege. Haikuwa na kasha wala jina, CD tupu iliyoandikwa namba kwa kalamu nene, na uliionyesha mara nyingi mpaka watu wa Bakoba wakaijua kuliko wanavyowajua majirani zao. Fundi cherehani anasafiri kwenda nchi ya mbali, kwenye harusi ya binti yake. Pasipoti yake imefuliwa ndani ya suruali, picha imefutika, jina limebaki herufi mbili. Maofisa wanamwambia hawezi kuingia na hawezi kurudi. Basi anakaa humohumo uwanjani, wiki baada ya wiki, analala kwenye viti vya chuma, anafua soksi kwenye sinki la choo, anawashonea wafagiaji sare zilizochanika ili wampe mkate.

Kiingereza chako kilikuwa cha darasa la saba, tusidanganyane. Ulichoelewa ulitafsiri, usichoelewa ulitunga, na watu walikuja kufuata ulichotunga. Yule fundi ukampa jina la Ta Kaiza, ukasema ni mtu wa Muleba, kapanda basi pale stendi na shuka mbili na dua za kanisa zima. Mkubwa wa maofisa, yule mwenye kitambi, ukamwita Bwana Afya, kwa sababu alifanana na bwana afya aliyekuwa anakusumbua kuhusu choo cha banda. Kila alipotokea, banda zima lilizomea. Na kile kikopo cha bati ambacho Ta Kaiza hakukiachia hata akiwa usingizini, ulisema kina senene, wale panzi wa kwetu. Bwana Afya alipokifungua akatoa macho, wewe ulisema kwenye maiki, kwa sauti ya puani, "Mzee, hawa nao wana viza?" Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua kabisa utakachosema na bado nilicheka mpaka nikateleza kwenye benchi.

Halafu ulikuja ule mwisho. Ta Kaiza anapata pasipoti mpya, anasimama mbele ya mlango mkubwa wa vioo, mlango unafunguka wenyewe. Hapo kila mara ulibonyeza kitufe, picha ikaganda, ukasema, "CD imekwaruzika jamani, lakini mimi mwisho wake naujua." Ukausimulia kwa mdomo. Siku nyingine Ta Kaiza alifika harusini kwa helikopta. Siku nyingine juu ya lori la ndizi. Siku moja ya mvua, watu wakiwa wachache, alifika kwa meli mpaka Kemondo, akatembea kwa miguu mpaka ukumbini. Lakini hakuchelewa hata mara moja. Alimkuta bibi harusi amegoma kukaa, wageni wametulia, masufuria yamefunikwa, na mpishi anamwambia, "Karibu mzee, wali haujapakuliwa." Watu walipiga makofi, wakarudi makwao wakiwa wamefurahi kana kwamba wali huo wameula wao.

Maneno hayo ukayaleta mpaka nyumbani. Nikirudi shule nikihema, nikidhani nimechelewa, unaniambia wali haujapakuliwa. Niliporudia kidato cha nne, nikiona aibu ya kukaa na wadogo zangu darasani, ukaniambia hivyo hivyo. Nilipokupigia kutoka Dar es Salaam kwamba hatimaye nimepata kazi kwenye duka la dawa, wenzangu wote wakiwa wameshaanza maisha, ulicheka ukasema, si nilikuambia. Na ile Jumatano, Twaha alipokuwekea simu sikioni kitandani, sauti yako imeshakuwa nyembamba, nikakuambia nimepata ndege ya kesho asubuhi, ukanijibu, "Usikimbie mwanangu. Wali haujapakuliwa."

Sikukimbia, Taata. Kesi yangu na wewe inaanzia hapo.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa ng'ambo ya ziwa, kwenye uwanja wa kubadilishia ndege. Ilikuwa imebaki safari fupi tu kufika Bukoba. Tukatangaziwa kwamba wingu limelala juu ya mji wetu, rubani haoni pa kutua, tusubiri saa moja. Saa moja ikaisha tukaongezewa nyingine. Simlaumu dada wa kaunta, wingu hakulileta yeye, ila ile sauti yake ya upole nilianza kuichukia mapema. Kwenye kiti cha pembeni yangu alikuwa mama mmoja wa Muleba, Mama Alistidia, kapakata boksi lenye keki ya kipaimara ya mjukuu wake. Tulizungumza kama dakika ishirini. Nilimwambia baba yangu anaumwa sana, nikamwambia kazi yako, nikamwambia na nyumba yetu ilipo, maana wazee wa kwetu hawatosheki mpaka wajue nyumba ilipo. Saa sita mchana akasimama na boksi lake. "Mwanangu, hili wingu nimezaliwa nalo. Leo haliondoki. Nje kuna gari linapitia Biharamulo, tuondoke."

Nikamwambia hapana.

Unajua kwa nini? Naona aibu kuiandika, mimi mtu mzima ninayewaambia watu wameze vidonge vingapi. Nilimkumbuka Ta Kaiza. Kuna mahali kwenye filamu dereva wa gari la taka anamshawishi atoroke naye, na wewe hapo ulishusha sauti ukasema, "Msafiri akitoka uwanjani kabla ya kuitwa jina, safari yake imeishia hapo." Ulisema hivyo miaka yote ya utoto wangu. Nikakaa kwenye kile kiti cha chuma na begi langu miguuni, nikaamini kwamba mtu akisubiri kwa adabu, na yeye atasubiriwa. Mama Alistidia akaondoka na keki yake. Saa tisa alasiri Twaha akanipigia. Nyuma yake nikasikia watu wanasoma Yasini, nikaelewa.

Hata hapo ningeweza kuondoka. Sikuondoka, nilikuwa nimeganda. Dada wa kaunta alisema ndege ya kwanza ya Ijumaa, na mimi nikahesabu kwamba kwa barabara nisingekuwa na uhakika. Asubuhi nikanawa uso kwenye sinki la choo, nikajiona kwenye kioo na soksi mkononi, nikacheka peke yangu, cheko baya, mpaka mfagiaji akaja kuniangalia. Alinipa chapati yake nusu. Sikuwa na sindano ya kumshonea chochote.

Ijumaa saa sita na nusu tukaitwa majina. Nikampigia Twaha, nikamwambia tunaingia ndegeni, saa nane nitakuwa chini. Akasema, "Sawa, dada." Ile sawa niliipokea vibaya. Nilidhani maana yake ni tutakusubiri.

Yaliyotokea nyumbani dakika ile nimeyasikia kwa Mjomba Elieza, na namshukuru Mungu kwamba mama alikuwa na kaka kama yule. Ulikuwa umeshaoshwa na kukafiniwa, jeneza liko mlangoni tayari kupelekwa msikitini kwa swala ya Ijumaa. Mjomba, mzee wa kanisa, na suti yake ya kijivu, akaenda akasimama mbele ya jeneza akawaambia Waislamu wa Bakoba habari za swala. "Hamna swala nyingine saa kumi? Msalieni saa kumi. Waitu, ndugu zangu, ni saa chache tu, mtoto yuko angani." Watu wakamtazama Twaha. Twaha akasema, "Mjomba, ni wasia wake. Alisema tusimcheleweshe kwa ajili ya mtu yeyote. Alimtaja na dada kwa jina." Mjomba akasema, "Sisi kwa dada yetu tulimsubiri huyu huyu siku tatu. Leo anawezaje kusema asisubiriwe mtu?" Wakalibeba jeneza.

Nilifika nyumbani saa nane na nusu. Nilikutana na wanaume wanarudi kutoka makaburini, kanzu wamezikunja, viatu vina udongo. Udongo wako. Wakawa wananipa mkono wa pole mmoja mmoja, na mimi natazama viatu.

Ndani, kwenye mkeka wa wanawake, nani alikuwa amekaa? Mama Alistidia. Alifika kwao Muleba Alhamisi jioni, akaacha keki, akauliza kwa simu, akasikia, na Ijumaa asubuhi akapanda gari kuja kumzika mtu asiyemjua, kwa sababu binti wa mtu huyo alikuwa amekwama. Wanawake walipofunuliwa uso wako wakuage, na yeye aliuona. Mtu aliyekujua kwa dakika ishirini za maneno yangu. Alinishika mikono akaniambia ulikuwa umetulia sana. Nilitaka kumpiga, Taata. Mwanamke mwema vile, nilitaka kumpiga kibao.

Twaha akaja na sahani ya wali iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Akachuchumaa mbele yangu akaanza, "Dada, baba alisema..." Sikumwacha amalize. Niliisukuma ile sahani, wali ukamwagika kwenye mkeka mbele ya wageni, nikamwambia, "Kumbe mmeshapakua." Nikaingia chumbani. Tangu siku ile sijala wali ndani ya nyumba hii. Twaha, bila kuuliza, anapika ndizi kila siku, na mimi bila kushukuru nakula.

Kwanza hasira yote niliielekeza kwake. Wiki nzima sikumsemesha. Nilimwona kama karani, mtu wa kufuata maandishi. Lakini wasia ni wa aliyeusema, na usiku nikilala kwenye kitanda changu cha zamani nikawa namwona aliyeusema. Ulitoa maneno mawili Jumatano ile. Mimi uliniambia nisikimbie. Yeye ulimwambia asinisubiri. Kama ulijua hayo ya pili, ya kwanza uliyasema ya nini? Ungeniambia nikimbie. Ningepanda gari na yule mama na keki yake, ningekuwa Bukoba kabla hawajakutoa nyumbani. Ulinidanganya ukiwa kwenye kitanda cha kufia, kwa maneno ya mpishi uliyemtunga mwenyewe.

Na wewe ulisubiriwa. Hilo ndilo linaloniunguza. Nilikuwa na miaka tisa mama alipofariki kwao Muleba, alikokwenda kumuuguza bibi na badala yake akaugua yeye. Wewe ulikuwa ng'ambo ya ziwa kununua CD za banda. Meli haikuondoka. Siku ya kwanza kwaya iliimba vizuri. Siku ya pili sauti ziliwakauka, wakawa wanaimba beti mbili wanapumzika. Siku ya tatu watu walikaa tu kwenye majani ya migomba, wamechoka, na kila mtu akimwomba Mjomba Elieza aruhusu wazike, na kila mara Mjomba anasema, "Mumewe hajafika." Nakumbuka ulivyoingia kibanjani, kwenye migomba ya kwao mama, kutokea barabara ya Kemondo, begi la CD begani. Hukulitua. Bibi ndiye aliyekuvua, kama mtoto anayevuliwa sare. Kisha ukaingia ndani, jeneza likafunguliwa, na mlango ukafungwa. Wewe uso uliuona.

Kwa hiyo wiki tatu zilizopita nilikuja hapa bandani kuivunja ile CD. Nilitaka kusikia inavyokatika. Twaha alikuwa anapanga mabenchi kwa ajili ya mpira. Aliniona ninavyoitafuta boksini, akajua. Akasema, "Ivunje dada, ni haki yako. Ila itazame kwanza mpaka mwisho. Haijakwaruzika."

Nikadhani ananitania. Akaiweka kwenye deki, akaipeleka mbele mpaka pale penye mlango wa vioo, akanipa rimoti, akatoka nje.

Mlango unafunguka, Taata, na Ta Kaiza anatoka. Hakuna helikopta. Kuna kituo cha basi na upepo. Anafika kwenye nyumba fulani yenye ngazi za mawe, anabisha. Binti anafungua akiwa na mtoto kiunoni. Nyuma yake ukutani kuna picha ya harusi, kubwa, watu wengi, na Ta Kaiza hayumo. Binti hasemi mengi, na mimi Kiingereza changu kinanitosha. Anasema umechelewa, kisha anafunga mlango. Ta Kaiza anakaa kwenye ngazi. Anakaa muda mrefu, hata muziki hakuna, unasikia tu basi linapita. Halafu mlango unafunguka nusu, mkono wa binti unatoka na kishati cha mtoto kisicho na kifungo kimoja. Anakipokea. Anafungua kile kikopo chake. Kumbe ni vifungo, Taata. Muda wote vilikuwa ni vifungo. Anachagua kimoja kinachofanana, anatunga uzi, anashona, na filamu inaisha akiwa bado anashona. Hatumwoni akiingia ndani.

Nilikaa hapa kwenye kiti hiki nikalia kwa sauti ambayo sikuitoa msibani. Sikuwa nalia kwa huzuni peke yake, nilikuwa nalia kwa hasira. Ulikuwa unaujua mwisho huo. Twaha aliporudi aliniambia ulikuwa unautazama asubuhi, kabla ya kufagia, sauti ukiwa umeipunguza, na siku aliyokukuta ulizima. Alikuuliza kwa nini huwaonyeshi watu. Ukamwambia, "Watu wa Bakoba wanatoka kazini wamechoka. Hawakuja kusikia hilo." Akaniambia na kitu kingine ambacho sikukijua. CD hiyo ilikuwa kwenye lile begi. Uliinunua safari ile ile, ukaja nayo begani mpaka kibanjani Muleba.

Ndipo akanieleza wasia wako, wote, sio nusu niliyomruhusu kusema. Kwamba ulimwambia: mama yenu alilala siku tatu ananisubiri kwenye joto lile, na nilipofunuliwa jeneza, uso niliouona haukuwa wake. Tangu siku hiyo nikimkumbuka ndio unaokuja, ule wa zamani siupati. Dada yako Hasina asije akanikumbuka hivyo. Nizikeni mapema, msimsubiri.

Basi nimeelewa. Siwezi kusema sijaelewa. Nimeelewa kwa nini miaka yote hiyo Ta Kaiza alifika kwa wakati, kwa sababu kuna mtu alifika kasubiriwa na akatamani asingesubiriwa. Nimeelewa kwa nini sauti yako ilikuwa na furaha kuliko siku zote pale ambapo masufuria yamefunikwa. Lakini kuelewa hakujaniondolea kitu. Saa chache si siku tatu, Taata. Ulilala usiku mmoja tu, na Bukoba ilikuwa na mvua na baridi, ungekuwa bado ni wewe. Mama Alistidia kaniambia ulikuwa ni wewe. Ulinikinga na kitu ambacho hakikuwepo, na ulinikinga bila kuniuliza, kama ulivyofanya maisha yako yote, ukibonyeza kitufe kabla ya sehemu mbaya. Mimi sio mteja wa benchi la tatu. Mimi ni binti yako, na sehemu mbaya ilikuwa haki yangu.

Kuna jambo la mwisho Twaha alilisema akiwa ameshafika mlangoni, anakwenda kununua sukari, kama kitu kidogo tu. Alisema, "Siku ile ya sahani sikumaliza. Baba alisema: msimsubiri, ila wali ukiiva, sahani yake ndiyo iwe ya kwanza kupakuliwa, kabla ya shehe, kabla ya mtu yeyote. Muifunike, mumwekee." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema, "Ulinimwagia."

Nilimwomba msamaha ndugu yangu. Wewe bado sijakufikia.

Sasa nikuambie kesho itakavyokuwa. Khitma itasomwa asubuhi. Mjomba Elieza anakuja na watu wake kutoka Muleba, amesema ataleta ndizi za kibanja alichozikwa mama, na amesema pia ana neno la kukuambia kaburini, nimemwambia ajipange, mimi niko mbele yake. Mama Alistidia anakuja. Baada ya hapo nitafungua banda, nitaondoa mpira, nitaweka ile CD. Nitakaa kwenye kiti chako na nitashika maiki yako. Twaha ameniuliza kama naweza, nikamwambia nimeisikia zaidi ya watu wote walio hai. Ta Kaiza atabaki kuwa Ta Kaiza wa Muleba. Bwana Afya atazomewa kama kawaida, na nitamfanyia ile sauti ya puani. Senene nitawaacha kwenye kikopo mpaka mwisho, wacheke kama ulivyowachekesha.

Lakini mlango wa vioo ukifunguka, sitabonyeza kitufe. Nitatafsiri neno kwa neno, mlango unafungwa, ngazi, basi linapita, kishati, vifungo. Wakizomea, wazomee. Wakiniuliza mbona Mkalimani alisema Ta Kaiza aliwahi harusini, nitawaambia Mkalimani alikuwa mwongo, na kwamba alikuwa baba yangu, na kwamba aliwapenda. Hiyo ni ahadi yangu kwako, na kila mwaka tarehe hiyo nitaionyesha hivyo hivyo, mpaka CD ikwaruzike kweli.

Kisha wali utapakuliwa. Nimemwambia Twaha asinisubiri, nitakuwa huku nazima mashine na kufunga mlango. Anipakulie, afunike. Nikifika nyumbani nitakaa kwenye ule mkeka, nitafunua, na nitaula wote, umepoa hivyo hivyo, nikiwa bado nimekukasirikia.

Lala, Taata.

Hasina wako